Utafiti juu ya Kivu usifanywe bila sisi



Miaka mingi watafiti wa Ulaya na Marekani wanakuja kupima Nyiragongo, gazi ya Ziwa Kivu, masokwe wa Kahuzi-Biega. Mwanafunzi wa kwetu njo anabeba mizigo, anatafsiri, anaonyesha njia. Kisha sampuli zinapanda ndege, yeye anabaki. Lakini moto wa tarehe 22 Mei 2021 ulichoma manyumba ya nani? Yetu.

Profesa Muyembe alisoma virusi kule Leuven, akarudi. Mwaka wa 1976 njo yeye alifika Yambuku kuchukua damu ya wagonjwa wa Ebola, wakati ugonjwa haukuwa hata na jina. Kijana mmoja alifunguliwa mlango, inchi nzima ikafaidika.

Kwa hiyo tunadai:

1. Serikali isipe timu ya inje ruhusa ya utafiti kama haichukui wanafunzi wa kwetu mpaka mu maabara, na majina yao kuandikwa kwa makala.

2. Matangazo ya burse yabandikwe wazi, yasilale mu biro za wakubwa mpaka siku zipite.

3. Balozi zipokee dosie hapa mashariki. Viza ya Schengen ni euro 90, hata wakikukatalia hawarudishi. Uongeze tena tiketi ya ndege mpaka Kinshasa?

Wewe uko L1, L2 ao L3: wiki hii uliza fakilte yako burse gani zilifika mwaka huu na nani alizipata. Andika jibu, utuletee. Tutalitangaza.