Marehemu Achunguzwe, Wafiwa Wasiachwe Peke Yao

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hatupendi kulitaja. Nalo ni kifo cha ghafla. Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, mkoani Tabora. Nina cheti, sina digrii. Lakini niliyoyaona yamenifundisha, na nataka tujifunze pamoja.

Siku moja alfajiri niliitwa nyumbani kwa mkulima mmoja wa tumbaku. Jioni alikula ugali vizuri, akalalamika kwamba kichwa kinamuuma, akaenda kulala. Hakuamka tena. Nilipofika, watu walijaa uani. Vijana walikuwa wamekwisha chukua majembe kwenda kuchimba kaburi. Wengine walinong'ona huku wakimtazama shangazi wa marehemu, bibi kizee mwenye macho mekundu.

Macho yale nayajua. Ni macho ya moshi. Bibi yule amepika kwa kuni maisha yake yote, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Lakini katika sehemu zetu za Unyamwezi na Usukuma, vikongwe wengi wameuawa kwa sababu ya macho kama hayo. Kifo kisichojulikana sababu yake hutafutiwa mtu wa kubebeshwa.

Nikasema, "Jamani, tusizike kwanza. Tutoe taarifa polisi."

Kaka wa marehemu akanijibu kwa uchungu, "Daktari, unataka ndugu yetu akatwekatwe kama nyama ya buchani?"

Mwenyekiti wa kijiji alituliza watu. Polisi walikuja, na mwili ukapelekwa hospitali. Daktari alipoupasua alikuta mshipa wa damu umepasuka kichwani. Ilikuwa ni shinikizo la damu. Marehemu hakuwahi kupimwa hata mara moja. Bibi yule yu hai mpaka leo, na wajukuu humchotea maji.

Lakini habari haiishii hapo. Mjane alikaa nje ya chumba cha maiti siku mbili, na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemwambia mwili utapasuliwa lini. Hakuna aliyemweleza kwa nini. Hakujua amuulize nani. Na mimi niliyesema tusizike, nilikuwa wapi? Nilikuwa nimerudi zahanati. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Hilo lilikuwa kosa langu, na ndilo linalonifanya niandike.

Sheria inasemaje? Tanzania Bara tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980. Kifo cha ajali, cha kupigwa, cha kujinyonga, cha sumu, cha ghafla kisichojulikana sababu, au cha mtu aliye mikononi mwa polisi au gerezani, lazima kitolewe taarifa. Daktari huchunguza mwili. Hakimu anaweza kukaa na kusikiliza mashahidi, ili ijulikane ni nani aliyekufa, lini, wapi, na kwa sababu gani. Huyo hamfungi mtu. Anatafuta ukweli. Na mwili haukatwi ovyo. Daktari akimaliza huushona, ndugu wakauzika kwa heshima.

Wengine husema, "Polisi hatuwaamini." Ndugu zangu, uchunguzi ni kwa ajili ya wakubwa pia. Mwaka 1976, huko Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika msako wa mauaji ya uchawi waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa maofisa wa Serikali. Ukweli ulijulikana. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu ili kuwajibika, ingawa si yeye aliyetesa. Kama maiti zingefichwa na watu wangenyamaza, nani angewajibika?

Kutazama sababu ya kifo si jambo geni kwetu. Mwaka 1873 Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walitaka kumrudisha kwao. Farjalla, aliyewahi kumtumikia daktari huko Unguja, aliupasua mwili ili ukaushwe. Waliona bonge la damu tumboni, wakakumbuka walichokiona. Wakaubeba mwili mpaka hapa kwetu Unyanyembe. Mwingereza mmoja, Cameron, akawashauri wauzike hapa hapa. Wakakataa. Wakafuata njia ya misafara mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Huko London daktari aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono uliowahi kuvunjwa na simba. Jamaa zake wakajua kwa hakika kwamba ni yeye.

Wapagazi wale walifanya mambo mawili. Walitazama, na pia hawakumwacha maiti njiani. Sisi siku hizi tumejifunza la kwanza. La pili tumelisahau. Polisi ana kazi yake, daktari ana kazi yake, hakimu ana kazi yake. Lakini mfiwa anatembea na nani?

Maoni yangu ni haya. Siku ile ile ya kifo, mtendaji wa kijiji amjulishe ofisa ustawi wa jamii, kama anavyowajulisha polisi. Hiyo ni kazi yake hasa, kumsaidia mtu aliyepatwa na shida. Lakini tusikae tukimngoja. Ofisa mmoja hawezi kufika kila mahali. Kwa hiyo kijiji kichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojua kusoma na wenye kutunza siri. Wafuatane na wafiwa mpaka hospitali. Wawasaidie kuuliza maswali haya: Mwili uko wapi? Nani atauchunguza, na lini? Tutaupata lini tukazike? Umekutwa na nini? Majibu wayaandike. Baadaye wamsaidie mjane kupata cheti cha kifo, kwa maana bila hicho mirathi humletea taabu.

Kazi nyingine ni kumlinda anayeshukiwa. Kabla majibu hayajatoka, wazee wawakataze watu kutaja jina la mtu. Anayetishwa apewe mahali pa kulala penye watu, na polisi wajulishwe.

Nasi waganga wa zahanati tusiseme "subirini" kisha tukaondoka. Anayewaambia wafiwa wasubiri, naye akae akisubiri pamoja nao. Mimi sasa hufanya hivyo.

Katika kisomo chenu jadilianeni: Kijijini kwetu, mtu akifa ghafla leo usiku, ni nani atakayefuatana na mjane kesho asubuhi? Kama jina halipatikani, lichagueni kabla hamjatawanyika.