Tusiikate Sauti Kama Kuni

Siku hizi si ajabu kumwona mwanafunzi wa Kigali amekaa mbele ya mzee, simu mkononi, akinasa hadithi au wimbo. Jambo hili ni jema, nasi twalisifu. Lakini kunasa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukata, na hapo ndipo wengi wetu twaharibu.

Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey alifika Rwanda akanasa ngoma na nyimbo za baraza la Mwami. Siku zile sahani ya santuri ilichukua dakika tatu au nne tu kila upande, basi nyimbo nyingi zililazimika kufupishwa. Sisi hatuna shida hiyo. Mzee akitaka kusimulia saa nzima, kompyuta yapokea. Kwa nini basi tumkate kama kwamba bado twaishi zama za santuri?

Sisemi kwamba tusikate kabisa. Kelele za kupanga viti, kikohozi cha mnasaji, mlio wa pikipiki kabla mazungumzo hayajaanza: hayo yafaa kuondolewa. Nisemalo ni kwamba tukate kwa adabu, na ya kwanza katika adabu hiyo ni kujua kitu tukikatacho.

Faili ya WAV ni sauti isiyobanwa. Katika kiwango cha sahani za CD, kila sekunde sauti hupimwa mara 44,100, kwa mikondo miwili, na kila kipimo huandikwa kwa baiti mbili. Dakika moja hufika karibu megabaiti 10.6, na saa moja karibu 635. Ni mzigo, naam. Lakini faida yake ni kubwa: ukiikata, sehemu iliyobaki haiguswi hata kidogo. Programu huchukua vipimo vile vile, ikaandika kichwa kipya cha faili chenye urefu mpya, basi. Ni kama kukata kitambaa. Kipande kilichobaki ni kitambaa kile kile. MP3 si hivyo. Hiyo imekwisha kubanwa na sehemu ya sauti imetupwa; na programu nyingi, zikiikata, huifungua na kuibana tena, ikapungua mara ya pili. Ni kama kupiga fotokopi ya fotokopi.

Leo kazi hii yaweza kufanywa ndani ya kivinjari, yaani programu ile ile tunayofungulia kurasa za intaneti, bila kununua wala kuweka kitu kipya katika kompyuta za shule. Hiyo ni neema. Hata hivyo tujihadhari na mambo matatu.

Kwanza, kurasa nyingine hukata sauti ndani ya kompyuta yako mwenyewe, na nyingine huipeleka kwenye kompyuta za watu usiowajua, pengine ng'ambo. Sauti ya mzee ni mali yake, na Rwanda ina sheria ya kulinda habari za mtu binafsi tangu Oktoba 2021. Njia rahisi ya kupima ni hii: fungua ukurasa, zima intaneti, kisha ukate. Ukifaulu, kazi imefanyika mezani pako. Hifadhi kipande, ufunge ukurasa kabla ya kuwasha tena. Ukishindwa, tafuta ukurasa mwingine.

Pili, hakikisha kilichotoka bado ni WAV, na kwamba idadi ya vipimo kwa sekunde haikubadilika. Programu nyingine hubadilisha kimya kimya.

Tatu, kata mahali penye utulivu. Ukikata katikati ya neno utasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Na ukikata mwisho wa inanga kabla nyuzi hazijanyamaza, umemnyang'anya mpigaji sehemu ya wimbo wake.

Na hapa nasema lile linaloniuma zaidi. Wako wenzetu ambao huondoa kila kimya kilichomo katika mazungumzo, ati “kufupisha.” Hasha! Katika nchi hii twajua kwamba kimya si utupu. Katika Jumba la Ukumbusho la Gisozi, lililofunguliwa mwaka 2004, umehifadhiwa ushuhuda wa walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mtu wa namna hiyo akiulizwa juu ya ndugu zake, kisha akanyamaza sekunde kumi kabla ya kujibu, sekunde zile kumi ni jibu. Ni nani kati yetu aliyepewa ruhusa ya kuzifuta?

Wengine watasema, “Nafasi hatuna, na intaneti ni ghali.” Ni kweli. Lakini dawa yake si kuharibu. Mtu mmoja anayesema hahitaji mikondo miwili. Mnase kwa mkondo mmoja, na mzigo utapungua nusu. Kisha hifadhi faili nzima mahali pawili, bila kuigusa. Kutoka kwake tengeneza nakala iliyokatwa, na kutoka kwa nakala hiyo tengeneza MP3 nyepesi ya kutumiana kwa simu. Hivyo kila mtu atapata haki yake: msikilizaji apate ufupi, na mzee apate ukamilifu.

Nanyi ndugu zetu mliokwisha maliza shule, wengi wenu mna kanda za kaseti zimelala sandukuni, zenye sauti za wazazi. Zileteni kwenye kompyuta kama WAV kabla hazijaoza, nasi wadogo zenu tutawasaidia kuzikata. Kipande kilichokatwa kikatupwa hakirudi. Lakini akiba, kama wahenga walivyosema, haiozi.