Kama Kahawa Inafuatwa Hadi kwa Shamba ya Shosho, Pesa Pia Ifuatwe

Wasee, tuongee kuhusu kahawa dakika mbili. Najua wengi wenu ni watu wa chai. Pia najua wengi wenu karo yenu ililipwa na kahawa, kwa hivyo msiniruke.

Umoja wa Ulaya uko na sheria inasema hivi: kahawa ikiingia soko lao, anayeiingiza lazima aonyeshe shamba ilikotoka. Si kaunti, si kijiji, ni shamba lenyewe. Anatakiwa kuwa na alama ya GPS yenye tarakimu sita baada ya nukta, na uthibitisho kwamba hapo hapakukatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Sheria ilipita 2023. Ilikuwa ianze mwisho wa 2024, ikasongezwa mwaka mmoja, ikasongezwa tena. Sasa ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na katikati ya 2027 kwa zile ndogo.

Hapa kwetu nasikia maneno ya aina mbili. Kuna wale wanasema huu ni ukoloni mpya: Ulaya ilimaliza misitu yake zamani, leo inamuuliza mkulima wa Nyeri mwenye miti mia mbili kama yeye ndiye anaharibu dunia. Hao wana pointi, sitawabishia. Sheria inamwandama mnunuzi wa Ulaya, lakini kazi na gharama zinateremka hadi kwa mtu wa chini kabisa. Halafu kuna wale wanasema tulia, itasongezwa tena, na Kenya si imewekwa kwa kundi la hatari ndogo? Hao wanajidanganya. Hatari ndogo inapunguza ukaguzi, GPS bado inaitishwa.

Mimi nataka tuangalie kitu ingine. Fuata kilo moja ya kahawa uone. Shosho anachuma, anapeleka faktori, inapimwa, anapewa risiti. Kisha cheri zake zinamwagwa pamoja na za kila mtu, na hapo jina lake limeisha. Kahawa inatolewa maganda, inaoshwa, inaanikwa, inaenda kwa kinu, inapangwa gredi, AA, AB, PB na zingine. Inapelekwa mnada Nairobi, inapanda meli Mombasa. Miezi baadaye shosho anaambiwa mwaka huu ni shilingi kadhaa kwa kilo. Akiuliza mbona jirani wa chama kingine amepata zaidi, anaambiwa soko ilikuwa mbaya. Nani atabisha? Karatasi za kuonyesha ziko kwa watu wengine.

Sasa mnunuzi ameitisha rekodi, na ghafla kila mtu anasema rekodi inawezekana. Poa basi. Kama kuna njia ya kutoka dukani Ulaya hadi kwa shamba ya shosho, pesa ipite njia hiyo hiyo. Loti ikiwa na nambari inayoonyesha mashamba yote yaliyomo, nambari hiyo hiyo ionyeshe loti iliuzwa lini, gredi gani, bei gani, na nani alikata nini njiani. Mzungu akijua kahawa imetoka wapi, shosho naye ajue imeenda wapi na imelipa ngapi. Hiyo ndiyo bei ya kumruhusu mtu apige shamba lake GPS.

Kazi yenyewe si ngumu. Mimi niliacha kampasi, kwa hivyo sikuambii inataka digrii. Inataka simu yenye GPS, miguu, na mtu anayejua kuongea na wazee kwa heshima. Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji alama moja tu, na ya wakulima wetu wengi ni madogo kuliko hapo. Chama kiandikishe kila mwanachama na kila kipande chake, pamoja na kile amekodi. Kila mzigo uandikwe tarehe, nambari ya mwanachama na kilo. Kahawa ya mtu hajulikani isichanganywe na ya wengine, maana shamba moja lisilo na rekodi linaweza kukwamisha loti nzima. Vijana wa kufanya hii kazi wamejaa kila soko. Chama kiwalipe, si kuwaita "wa kujitolea".

Pahali pa kuwa macho ni hapa: kuna watu watakuja na programu ya bure, wapige mashamba yote picha na GPS, waende na data. Bure hiyo ina mwenyewe. Kama ramani ya mashamba yenu iko kwa mnunuzi mmoja pekee, siku akileta bei mbaya mtamkataa vipi? Chama kiwe na nakala yake, na mkataba useme hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mkulima haki ya kuambiwa data yake inatumika vipi, na haki ya kuiona.

Na wewe unashona nguo mtaani ukiota kuuza Ulaya, usicheke wakulima. Chakula hakimo kwenye ile pasipoti ya dijitali ya bidhaa, lakini nguo ziko kwenye foleni ya kwanza. Betri za magari ya umeme zinaanza Februari 2027. Mteja ataskani nguo aone imetengenezwa na nini. Anza leo kuweka risiti za kitambaa na jina la aliyekuuzia. Kutafuta karatasi za miaka mitatu nyuma ni mateso.

Ukienda ocha Desemba, usiende tu kula mbuzi. Keti na shosho, muulize kama shamba lake limeandikishwa, nani ako na hiyo data, na kama chama kitamwonyesha bei ya loti yake. Akikosa jibu, mpelekeni mkutano wa chama pamoja, na muulize hayo maswali mbele ya watu.