Jina la Mke Si Mali ya Mume

Umezuka mtindo, nao unazidi kuenea, wa binti wa Kiislamu kuolewa Ijumaa na Jumatatu kwenda ofisini kuandikisha jina jipya. Baba aliyemzaa hufutwa, na mahali pake hukalishwa mume. Mtindo huu umekwisha kufika hata huku kwetu kusini, Masasi, Newala na Lulindi, na wenye kuufuata hujiona wamestaarabika. Sisi tunasema kwamba wameazima nguo bila ya kuuliza ilishonwa kwa ajili ya nani.

Katika sheria ya kale ya Uingereza, mwanamke akiisha kuolewa, nafsi yake mbele ya sheria ilimezwa na nafsi ya mumewe. Mali yake iliingia mikononi mwa mume, wala hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake. Kwa hiyo si ajabu jina nalo likamezwa, kwani asiye na mali wala kauli jina la nini? Haki ya kumiliki mali yake mwenyewe alikuja kupewa kwa sheria ya mwaka 1882. Mali ikarudi, mazoea ya jina yakabaki. Lakini Uislamu ulikwisha kumpa mke mahari yake, urithi wake na chumo lake karne nyingi kabla ya hapo, wala haukumdai jina. Basi tunakwenda kuokota nini huko?

Aya ya 5 ya Suratul Ahzab inaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Zaid, aliyelelewa na Mtume (s.a.w.), alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad, na baada ya aya hiyo akarudi kuitwa Zaid bin Haritha. Ikiwa jina la Mtume mwenyewe halikufanywa ubini wa mtu asiye wa damu yake, sembuse jina la karani wa Masasi? Tena watazameni wakeze Mtume. Aisha alibaki binti Abubakar, na Hafsa akabaki binti Omar. Safiya alibaki binti Huyayy, na Huyayy huyo alikuwa adui mkubwa wa Waislamu! Hakuna aliyemwambia alifute.

Hapa hutokea mtu akasema: mbona Kurani inamtaja mke wa Nuhu, mke wa Lutu na mke wa Firauni? Kweli inawataja. Kumtaja mwanamke kwa mumewe ili ajulikane si dhambi, nasi husema hivyo kila siku. Lakini hayo ni maelezo, si ubini. Na huyo mke wa Firauni, aliyemwomba Mola amwokoe na mumewe, je, angelifurahi kuitwa Bibi Firauni?

Liko na jambo la kuchekesha. Wengi wetu Tanzania tunatumia majina matatu: lako, la baba na la babu. Hatuna jina la ukoo lishukalo kizazi hata kizazi kama la Wazungu. Basi bibi arusi akichukua "jina la mwisho" la mumewe, amechukua nini? Amechukua jina la babu yake mume, mzee aliyekufa pengine kabla yeye hajazaliwa. Hakuolewa naye, hakuzaliwa naye, na hata kaburi lake halijui. Huu ndio ustaarabu?

Wamakonde, Wamakua na Wayao wa nchi hii ukoo wao hufuata kwa mama. Wako masheikh wanaoona kwamba mila hiyo inagongana na nasaba ya baba, na katika urithi pana maneno marefu ambayo leo si mahali pake. Lakini katika jambo hili la jina, mila na dini zimekutana: zote mbili hazimpi mume nafasi. Katika nyumba nyingi za zamani mume ndiye aliyehamia kwao mke. Nani angelithubutu kumwambia bibi mwenye ukoo wake aitwe kwa jina la mgeni aliyefika juzi na jembe begani?

Hasara yenyewe huonekana siku ya talaka, na talaka kwetu si jambo la nadra. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia Mtwara msimu wa 2007/2008, na siku hizi fedha za korosho hupitia benki. Jina la daftari la chama cha msingi, la benki na la kitambulisho sharti yafanane. Mwanamke aliyeandikisha mikorosho aliyorithi kwa mamaye kwa jina la mume, akiachwa afanye nini? Akirudia la baba, benki haimjui. Akibaki na la mume, ataambiwa anang'ang'ania. Akiolewa tena, achukue la tatu? Eda ya talaka huisha kwa twahara tatu, lakini kuhangaika na makaratasi hakuna hesabu. Na yote hayo bila ya kulazimishwa, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali na kufunga mikataba, wala haimwamrishi kubadili jina.

Bibi Titi Mohamed aliolewa zaidi ya mara moja, na taifa lilimjua kwa jina la babaye. Samia Suluhu Hassan aliolewa mwaka 1978, na Machi 19, 2021 aliapa kuwa Rais kwa jina la babaye.

Vyeo navyo ni vivyo hivyo. Wajerumani waliacha kumwita mwanamke "Fräulein" katika ofisi za serikali mwaka 1972, na Wafaransa wakaondoa "Mademoiselle" katika fomu zao mwaka 2012. Kiswahili kina "Bi.", ambalo halimuulizi mtu kama ameolewa au ameachwa, nasi tunaliacha tukatafute "Misisi"! Vibaya zaidi ni wale wanaomwita mwenzao "mtalaka" barabarani kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Mwalimu au muuguzi ambaye vyeti vyake vyote vimekwisha kuandikwa jina la mume hatumlaumu. Abaki nalo au aliache, shauri ni lake. Tunaowalaumu ni waume wanaolidai kama sehemu ya ndoa, na makarani wanaoliandika bila ya kuulizwa. Mwanamke akifika dirishani, karani amwulize baba yake ni nani, na aandike kama alivyojibiwa.