Miezi Ambayo Mtoto Hawezi Kungojea

Barua za kuomba kiti cha magurudumu huzifikia kamati zetu za misikiti, aghalabu, mtoto akiwa ameshatimiza miaka mitano au sita. Wazazi husimulia jambo linalofanana: alipokuwa na miezi mitano shingo ilikuwa haijakaza, jamaa wakasema wasubiri. Alipofika miezi tisa hakukaa, wakasubiri tena. Kiti tutakichangia inshaallah, lakini miezi ile hatuna namna ya kuirudisha.

Mtindio wa ubongo hauambukizi, wala si adhabu kwa kosa la mama. Hutokana na ubongo kudhurika, au kutokua sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Mtoto aliyezaliwa njiti, aliyechelewa kulia kwa kukosa hewa, aliyepata manjano makali au malaria iliyopanda kichwani, afuatiliwe kwa karibu hata akionekana mzima. Jeraha lenyewe haliongezeki. Athari zake ndizo zinazoongezeka zikiachwa. Misuli hufupika, viungo hukakamaa, na nyonga huweza kuteguka polepole pasi na mtu kutambua.

Dalili huonekana nyumbani kabla ya hospitali. Mtoto hulegea mno akibebwa, au hukakamaa na miguu kupishana kama mkasi wakati wa kubadilishwa nepi. Ngumi hubaki zimefumbwa baada ya miezi minne. Hupaliwa mara kwa mara anaponyonya. Iko dalili moja ambayo sisi Waislamu huipokea kwa furaha: mtoto hajatimiza mwaka, naye hushika kila kitu kwa mkono wa kulia tu. Familia husema amejifunza adabu mapema, kumbe huenda mkono wa kushoto ni dhaifu.

Zamani madaktari wengi waliitaja hali hii mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi miwili. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walichapisha mapendekezo yaliyoonesha kwamba yawezekana kuitambua kabla ya miezi sita, kwa kuchunguza mijongeo ya mtoto aliyelala chali, kupima misuli na mishipa ya fahamu, na kupiga picha ya ubongo penye mashine. Pasipo na uhakika, walishauri mtoto ahesabiwe kuwa yumo hatarini na aanzishiwe mazoezi mara moja, uchunguzi ukiendelea. Hata kijijini kusiko na mashine, ushauri huu wa mwisho unatekelezeka.

Bibi zetu, kwa heshima zote, husema watoto wa kiume huchelewa. Wapo wanaochelewa kweli. Ila kumpima asiye na tatizo hakumdhuru, na kumwacha mwenye tatizo kunamdhuru. Kisomo nacho hatukikatazi. Kinasomwa asubuhi, na mchana mtoto hupelekwa hospitali, kwani Mtume (s.a.w.) alituagiza kutafuta matibabu.

Siku ya kliniki, basi, mama asiridhike kwa kupimiwa mtoto uzito. Aseme wazi: ana miezi sita na hainui kichwa. Amwoneshe muuguzi video aliyoichukua kwa simu nyumbani, maana mtoto akifika pale huenda akalala. Aombe barua ya rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa watoto na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa walio Dar es Salaam, CCBRT wana huduma hizo. Akijibiwa kwamba atakua tu, aulize mtoto apimwe tena lini, na jibu liandikwe kwenye kadi. Wakati huo asimlishe akiwa amelala chali. Ampakate, kichwa kikiinamia mbele kidogo.

Baba aende pia. Tumeona mama akirudi na maelezo sahihi, nyumbani akaambiwa amedanganywa. Na nauli ya safari za mazoezi, ambazo ni nyingi, kamati iweze kuitoa katika sanduku la sadaka wakati mtoto angali na miezi sita.