Eti Ukitaka Kumficha Mtanzania Kitu, Kiweke Kitabuni!

Jamani, kuna msemo umenichosha. Kila semina, kila uzinduzi wa kitabu, lazima ainuke mheshimiwa mmoja mwenye tai aseme kwamba ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke kwenye kitabu. Ukumbi unacheka, makofi yanapigwa. Halafu wote wanakwenda kwenye chakula, na kitabu kilichozinduliwa kinabaki mezani na muuzaji wake.

Msemo huu naupinga, tena naupinga kwa hasira, kwa sababu namjua mtu ambaye ungemtukana.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa pamba kule Sengerema. Shule ya utotoni hakuiona. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970, jioni watu wakishatoka shambani. Wadau wa rika langu mtadhani nawapiga fiksi, lakini mwaka 1973 nchi hii iliwaweka watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Milioni mbili! Wakasoma, wakabishana, wakaenda kuchimba vyoo. Sasa hapo nani alifichwa nini?

Babu hakuishia kwenye vyoo. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake Shaaban Robert, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Juliasi Kaizari aliyotafsiri Mwalimu Nyerere. Ilikuwemo pia Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile iliyotoka 1971 ikazuiwa mashuleni. Hiyo nilikatazwa kuigusa (niliigusa). Likizo nikienda kwake nilimsomea kwa sauti wakati anachambua mbegu, na nikiruka neno ananirudisha mwanzo wa ukurasa. "Mjukuu wangu, huyo mtu aliliandika neno hilo kwa kazi, usimdhulumu."

Kwa babu vitabu vilikuwa pia ofisi. Kwenye zile kurasa tupu za mwanzo aliandika kila kitu: siku mvua ilipoanza, bei ya pamba, nani anadaiwa, mtoto gani kazaliwa. Siku aliyozaliwa mama yangu iliandikwa ndani ya jalada la Kusadikika. Niliiona kwa macho yangu, kwa wino wa bluu, ila nilikuwa mtoto na sikuwa na haja ya kuikariri.

Babu alifariki 2011. Baada ya matanga kikaja kikao cha ukoo. Ikagawanywa baiskeli, ikagawanywa redio, likagombewa plau, hata koti lake lilipata mwenyewe. Vitabu hakuna aliyevitaja. Mjomba wangu mmoja, mwenye digrii, nasema digrii wadau, akaliuza sanduku na vilivyomo kwa mwenye kibanda pale senta. Wiki hiyohiyo tulikula vitumbua vilivyofungwa kwenye Kufa na Kupona.

Miaka ikapita, mama akaenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa. Tarehe ya kuzaliwa? Mwaka anaujua. Siku na mwezi vilikwenda na mafuta ya vitumbua. Sasa mama yangu kazaliwa 1 Januari, kama wenzake wengi wa rika lake, na kila mwaka mpya tunamtania huku mwenyewe hacheki sana.

Haya, nirudi kwa mheshimiwa mwenye tai. Aliyesoma kisomo alitunza vitabu. Aliyefika chuo kikuu aliviuza kwa kilo. Basi msemo unamhusu nani? Unawahusu waliosoma! Sisi tulifundishwa kwamba kitabu ni ngazi ya mtihani, ukishapanda unaipiga teke. Riwaya tuliifungua kutafuta dhamira, wahusika na mandhari, tukajibu swali la saba, tukafunga. Nani hakumbuki moto wa madaftari siku ya mwisho ya kidato cha nne? Watu wanacheza kuuzunguka kama wametoka kifungoni. Nilipita Maktaba Kuu pale Dar juzi, ile aliyoifungua Mwalimu Desemba 1967. Viti vilijaa vijana, safi sana, lakini karibu kila meza niliyopita palikuwa na daftari la mtihani na rafu nyuma yao zimetulia.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel tuligombana mitandaoni siku kadhaa: ni wetu, si wetu, ana pasi gani. Mwaka uliofuata ikatoka Peponi, riwaya yake kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, imechapwa hapahapa na Mkuki na Nyota. Waulizeni wale wagombanaji wamefika ukurasa wa ngapi.

Najua mtaniambia vitabu ni ghali. Kwa mkulima wa Sengerema, ndiyo, ni ghali, na senta yao haina duka la kuvinunua hata akiwa na hela. Huyo simgusi, na serikali iliyoacha maktaba za vijijini zife ndiyo ya kuulizwa. Lakini wewe unayesoma hapa umechangia sendofu mbili mwezi huu na bando hujawahi kukosa. Usiniambie mimi habari za ughali.

Na wewe mwenye mzee kijijini mwenye sanduku chini ya kitanda, lifungue wikiendi hii, yeye mwenyewe akiwepo. Angalia kurasa za mwanzo, zile tupu. Mpige maswali. Kitabu akikupa, chukua kabla kikao hakijakaa, maana wapo wajomba wenye digrii kila ukoo, na vitumbua bado vinauzwa.