Bastola ya babu sandukuni

Nyumba nyingi za zamani Kariakoo zinabomolewa kupisha maghorofa. Wakati wa kuhama hufunguliwa masanduku ambayo hayajaguswa tangu babu afariki, na si khanga na hati za kiwanja tu zinazoweza kutoka humo. Inaweza kutoka bastola ndogo ya kizamani, ya kutosha mfukoni, ambayo mtoto ataiona kama ya kuchezea.

Bastola hizi, za aina aliyoisambaza Mmarekani Samuel Colt karne ya 19, hupakiwa kama gobore. Kila tundu la silinda hujazwa baruti na goroli kutoka mbele, kisha fataki hubandikwa nyuma. Hakuna ganda la risasi la kuonekana, basi mtu hudhani ni tupu. Lakini baruti iliyokaa pakavu inaweza kulipuka hata baada ya miongo mingi.

Baba asivute kifyatulio "kuona kama bado inafanya kazi", wala fundi asiitwe kuitia mafuta. Watoto watoke, chumba kifungwe, mtu mzima aende Kituo cha Polisi Msimbazi kueleza, bila kuibeba. (Kuitembeza kwenye mfuko katikati ya umati wa Kariakoo ni kujitafutia balaa.)

Wengi hunyamaza kwa hofu. Ni kweli, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, na ukumbusho wa babu si leseni. Hata hivyo, Septemba na Oktoba 2023 Serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha kwa hiari. Mwenye wasiwasi aongozane na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akiwa na cheti cha kifo cha babu.